Kuku Wako Bado Analala Ndani

Muthara, Ijumaa

Kinya, mke wa mwanangu,

Hushiki simu zangu, kwa hivyo nimempa barua hii mtu anayekuja soko la Kiirua, akuletee hapo kwa wazazi wako. Mvua imegoma. Kiunga wako siku hizi anakula akiwa amesimama.

Yule kuku wako mweupe, Sista, bado analala ndani, juu ya kiti chako. Asubuhi anazunguka vyumba vyote akilia, nami namfuata. Natoka hadi langoni, narudi. Sijui natafuta nini.

Jana akina mama wa kanisa walitutembelea. Unajua mgeni hapa ni lazima achinjiwe, na kuku ni huyo mmoja. Kiunga alikuwa ameshashika kisu. Nikadanganya kwamba Sista amelalia mayai, wakala mukimo na kabichi. Basi mke wa pasta akamwombea huyo kuku, Mungu amjalie vifaranga. Wote wakasema amina. Mimi nilishindwa. Ni mbele ya wanawake hao hao nilisema unalea kuku ndani kwa sababu tumbo lako halina kitu. Ulikuwa jikoni ukinipikia chai.

Walipoondoka Kiunga akaniambia, "Kumbe kuku unaweza kumtetea, Mama."

Tangu hapo sikai, Kinya. Njoo, hata kama ni kumchukua Sista tu. Chai nitapika mimi.

Ni mimi, Ciokaraine, mama yake Kiunga