Mnyauko na Nyota Zilizokufa

Jumanne, 5 Agosti

Nimemenya ndizi, nimefagia, nimeteka maji. Shangazi Adela bado yupo. Alikuja kutoka Kimwani mwezi Juni na haondoki. Simpendi. Mbele yake sauti hainitoki.

Leo akaniuliza hiyo fizikia nitakayosomea chuo kikuu ni kitu gani. Kwa mara ya kwanza nikajibu vizuri. Nikasema kuna pulsa, masalia ya nyota zilizokufa, yanazunguka kwa kasi ya ajabu. Huenda ndizo zinazoturushia nyutrino zenye nguvu kubwa, chembe ndogo mno zinazopita kwenye kuta, migomba, miili yetu. Hatuzisikii.

Akaweka kisu chini. "Vilivyokufa vinatupitia mwilini?"

Nikasema ndiyo. Nilidhani amevutiwa.

Jumatano, 6 Agosti

Migomba ya upande wa njia inakufa. Majani ya njano, ndizi zimeiva kabla ya kukomaa, ukikata shina linatoa usaha. Mnyauko. Baba alikaa chini kibanjani, katikati ya migomba.

Shangazi akapata la kusema. Eti naita mizimu kwa jina la Kizungu. Imepita kwenye migomba, kesho itapita kwa watoto. Nisiende chuo kikuu. Nikajifunze cherehani Muleba, karibu, waweze kunichunga.

Baba hakunitetea. Safari ya Bukoba kujaza maombi ya chuo ameiahirisha. Dirisha la maombi linafungwa wiki ijayo.

Namchukia. Narudia: namchukia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Sikutoka. Watoto wa jirani wamepita wakisema, "Shikamoo, mwalimu wa mizimu."

Pulsa nazo zinatuhumiwa tu. Wanasayansi wamezika vifaa ndani ya barafu, Ncha ya Kusini, wanazisubiri nyutrino. Nyutrino haipindishwi na sumaku, kwa hiyo ukifuata njia yake kinyumenyume unafika ilikotoka. Mpaka sasa ushahidi dhidi ya pulsa hautoshi. Hawapigi kelele. Wanaendelea kutazama.

Nami nikatazama. Nikafuata migomba kinyumenyume. Migonjwa yote ni ile aliyoipogoa Shangazi kwa muhoro wake, kisu kilichopinda alichotoka nacho kwake. Kibanja chake cha Kimwani kilikwisha kwa mnyauko. Ndiyo sababu yuko hapa. Alikopogoa Baba, hakuna hata mmoja unaoumwa.

Shuleni tulifundishwa: kisu kipite kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Muhoro ule haujawahi kuona moto.

Nitamwambiaje mtu mzima kwamba ametuletea ugonjwa? Bora nimeze jiwe.

Jumapili, 10 Agosti

Shangazi alimwita katekista aje kuniombea. Nikapiga magoti na kisahani cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo kwa mgeni. Mgeni akishachukua, msichana anaondoka. Sikuondoka.

"Waitu," nikasema kwa heshima ya kwetu, "kabla ya kuniombea, naomba mtazame migomba aliyoikata Shangazi, halafu aliyoikata Baba."

"Unanitukana ukiwa umepiga magoti?" Shangazi akasema.

Sikuinuka.

Walikwenda kibanjani, na Baba pia. Katekista naye ana kibanja. Alipita mstari kwa mstari, akitafuna, kisha akamuuliza Shangazi kama muhoro anaupitisha motoni. Shangazi akasema mama yake hakuwahi kuchoma kisu. Katekista akatema makapi.

Akaiombea migomba. Mimi hakuniombea.

Jumatatu, 11 Agosti

Shangazi hajaitikia shikamoo yangu. Sawa.

Tangu asubuhi Baba ameng'oa migomba migonjwa na kuifukia. Baadaye akawasha moto nyuma ya jiko, akauweka muhoro ndani. Nilisimama mbali kidogo.

"Hizo chembe zako zinapita hata kwenye chuma hiki?"

"Zinapita."

"Hazikiharibu?"

"Hapana, Baba."

Akaugeuza upande wa pili. Akangoja.

"Kesho Bukoba. Tuondoke mapema."

Nimesafisha viatu. Nimeviweka mlangoni.