Tende kwa Thuo

Jumamosi, 19 Julai 1947
Saumu ya kwanza! Kibra yote inanukia ubani. Haboba — bibi yangu Kaltuma — amenishika mashavu akalia. Ramadhani iliyopita ilinikuta kambini, kwenye mahema ya sindano, daktari mzungu alikotujaribia dawa zake. Daftari langu la huko tulilichoma porini siku tuliyotoroka, mimi na Thuo. Baridi haina adabu. Basi naanza jipya.

Thuo amefika kwao Kawangware. Najua, maana mchana huu, nimefunga, tumbo tupu — kiazi kitamu mdomoni! Ndiyo kazi ya sindano za daktari. Akionja yeye, naonja mimi. Nikionja mimi, anaonja yeye. Tuliachana njia panda ili tusishikwe pamoja, na tukapatana alama moja tu: chumvi tupu maana yake hatari, kimbia.

Jumanne, 22 Julai
Uji. Kiazi. Uji tena! Huyu mtu anakula kama ng'ombe wa sarkali. Nimemuuliza Haboba, kwa kuzunguka, kama ladha inavunja saumu. Akasema ukionja bila kumeza haivunji, kwani wapishi wangefanyaje? Halafu akaniangalia: unapika nini wewe?

Ijumaa, 25 Julai
Leo kimya. Asubuhi hakuna, adhuhuri hakuna. Nikaogopa. Adhana ya magharibi ikatoka, nikala tende — na papo hapo, asali. Asali ya kwao, nzito, ina moshi kidogo.

Alikuwa ananingoja! Thuo, Mkikuyu wa kanisani, amefunga pamoja nami. Nikaenda kulia jikoni. Haboba akadhani ni kitunguu.

Jumapili, 3 Agosti
Kila jioni tende yangu, asali yake. Sijawahi hata kumshika mkono. Kambini kulikuwa na waya katikati ya mahema. Lakini jino lake bovu nalijua lilipo. Namtaka. Nimeandika, basi. Kawangware ni mwendo wa kwenda na kurudi kabla maharage hayajaiva, na siwezi kwenda, tusije tukashikwa pamoja.

Jumatatu, 4 Agosti
Chumvi. Lakini si ya jikoni — damu. Ameuma mdomo wake mwenyewe. Baadaye ile dawa chungu ya kambini, ya kijani. Ni watu wa daktari.

Adhuhuri akaja mama mmoja na kiondo cha viazi, anapita nyumba kwa nyumba. Kwetu akaniangalia sana. "Wewe ndiyo ile ya tende?" Ni Wangoi, mama yake. Kijana ameshikwa barabarani, hana kipande, kile cheti cha sarkali. "Yeye naambia mimi, nikishikwa, tafuta msichana ya Kibra, ambia yeye asikuje." Akaniachia viazi, akakataa hata chai.

Jioni nilikula tende nyingi, moja baada ya nyingine, polepole. Angalau apate faraja.

Jumatano, 6 Agosti
Mjinga mimi! Jirani yetu Abdelrahim, dereva mjini, katuchekesha wakati wa futari. Eti daktari mmoja mzungu kamuuliza ni watu gani wanaokula kitu kitamu kila siku jua likizama. "Nikamwambia, Bwana, hao ni sisi! Ramadhani hii!" Wote wakacheka. Mimi nikaitema tende.

Kambini nilijiita jina lingine, nikasema natoka Machakos. Daktari hakujua anitafute wapi. Sasa amekaa karibu na Thuo, ametazama mdomo wake ukimumunya utamu wangu, magharibi baada ya magharibi. Faraja yangu ndiyo iliyomwonyesha njia.

Alhamisi, 7 Agosti
Motokaa iko msikitini. Daktari kaleta magunia ya tende, zawadi. Wasichana wote wafike magharibi, kila mmoja apokee yake mkononi mwake. Wazee wamefurahi. Haboba anapiga pasi gauni langu. Uso wangu daktari anaujua vizuri sana.

Nimechungulia kwenye ua wetu wa mabua, unaotazamana na msikiti. Thuo yumo ndani ya motokaa, nyuma, katikati ya askari wawili. Amekonda. Mdomo umevimba. Nyuma ya nyumba yetu kuna mahindi, kisha msitu. Nikiondoka sasa nimepona. Yeye atarudishwa kambini, na sitamwona tena.

Jua bado liko juu. Nimechukua tende, nimekula. Mungu anisamehe, ndiyo saumu yangu ya kwanza kuivunja tangu nibalehe. Kule garini akainua kichwa. Akatafuta, akatafuta, akaliona jicho langu kwenye ua.

Damu mdomoni, mara moja. Kimbia.

Nimekula ya pili: sikimbii.

Damu tena, nyingi. Amekasirika! Haboba ananiita, gauni liko tayari, twende tusichelewe. Nimemwambia nakuja. Ninayo moja bado, mkononi.