Yuster na Kipindi cha Sanaa

Muleba,
Jumapili ya tatu ya Kwaresima

Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima pamoja na Mama, na mguu wako uwe umekubali walau kukufikisha kanisani siku za Jumapili. Huko Izimbya mvua imekujaje? Hapa kwetu imekuja mapema na kwa fujo, migomba mingi ya majirani imelala chini na mikungu yake michanga. Niambie kama kahawa imeshika maua, na kama Avit ameshaezeka lile jiko au bado anaahidi tu. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio sijui nikuelezeje.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara kadhaa, ukapokea, tukaongea habari za mvua, nikaaga. Nilichotaka kusema hakikutoka. Basi nimeamua kukiandika. Mwalimu mwenzangu Dativa anakwenda kwao huko kumzika shangazi yake, nami nimemwomba akukabidhi wewe mkononi, asimpe Mama.

Unakumbuka nilipoajiriwa hapa kwa masista na kupewa somo la sanaa na ubunifu, ulicheka ukaniuliza kama kweli kuna mzazi anayempeleka mtoto shule akafinyange matope. Wapo waliocheka kama wewe. Lakini Tata, miaka ile ya mwanzo ilikuwa mizuri. Sista Evelyne, mwalimu mkuu wetu, alinipa chumba kile cha nyuma ya bweni la wasichana. Watoto walileta udongo kutoka bondeni, wakaleta maganda makavu ya migomba, mkaa wa jikoni, majani ya kukamua rangi. Walisuka mikeka midogo, kila mmoja akibuni nakshi yake na kuieleza mbele ya wenzake. Hata wale waliokuwa wakitetemeka kwenye Hisabati, katika kipindi changu walisimama wima.

Mmoja wao alikuwa msichana aitwaye Yuster Elikana. Aliletwa darasa la tatu kutoka visiwani, huku ziwani kwetu Muleba, na mvuvi mmoja jina lake Elikana. Mama yake, Paskazia, ni Mkerewe anayeanika dagaa kambini. Mtoto alikuwa amechelewa kuanza shule, akawa mkubwa kuliko wenzake wote, na kusoma kulimshinda. Bwenini walimcheka kuwa ananuka samaki. Alikuwa anakaa pembeni na kijiti, anachora chini.

Sijawahi kufundisha mtoto kama yule. Alichora mitumbwi kama anavyoiona ndege akipita juu, na taa za wavuvi zikiwa zimetapakaa majini, na wanawake wameinama juu ya dagaa. Ukiangalia migongo ile ulijua nani amechoka na nani ana mimba. Nilipomuuliza nani alimfundisha, alisema ni baba yake, na kwamba baba alikufa. Nikajua basi kuwa Elikana si baba. Sikuuliza zaidi. Watoto wa visiwani wengi wana hadithi kama hiyo, na mwalimu hujifunza kutoichokonoa.

Mwaka juzi matokeo yetu ya darasa la saba yakashuka. Wazazi waliitwa kwenye mkutano, wakasema kwa ukali. Mmoja alisimama akasema hamleti mwanawe hapa aje kusuka mikeka, kwao bibi yake anasuka bure. Wengine wakapiga makofi. Baada ya hapo vipindi vyangu vikapewa Hisabati na Kiingereza, kile chumba kikawa stoo ya mahindi, nami nikapangiwa kufundisha Uraia. Sikupigana sana, Tata. Nilidhani vitarudi mambo yakitulia.

Kisha ikawa zamu ya watoto wenyewe. Ilikubaliwa kwamba wa darasa la nne ambao wangeshusha wastani wa shule waondolewe kabla ya kuandikishwa kwa mtihani wa taifa. Jina la Yuster lilikuwa la kwanza. Hapo nilipigana. Nilichukua michoro yake nikaenda nayo kwenye kikao cha walimu, nikaipanga mezani mbele ya Sista. Walimu waliinama wakaiangalia. Sista Evelyne aliuchukua mmoja, ule wa wanawake wa dagaa, akakaa nao muda mrefu, na nikaona macho yake yamelowa. Halafu akaurudisha mezani akasema kwa upole, “Edvina, mtihani hauna karatasi ya kuchora. Nikimbakiza huyu, kesho nafunga shule ya wote.” Simlaumu. Naye ana wakubwa wake, na alisema kweli.

Siku ya kuondoka nilimbebea Yuster sanduku lake mpaka mwaloni, panapotia nanga mitumbwi ya visiwani. Nilimpa kalamu za rangi nilizokuwa nazo. Alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kama desturi ya huku, akaniuliza kama akijua kusoma atarudishwa. Nilimwambia ndiyo.

Nilikaa na jibu lile likinisumbua mpaka likizo ya Krismasi. Ndiyo sababu sikuja nyumbani kula sikukuu nanyi. Nilisingizia kazi ya shule, lakini nilipanda mtumbwi wa abiria kwenda kisiwani. Nilikuwa na nia ya kumwomba Paskazia anipe yule mtoto, akae nami, nimfundishe kusoma jioni, kisha nimtafutie shule ya serikali hapa karibu.

Nilimkuta Paskazia kwenye vichanja vya dagaa. Ni mwanamke mwembamba, mpole, mwenye mikono iliyopasuka. Alinikaribisha vizuri, akanitafutia kiti, akaagiza soda. Nilipouliza alipo Yuster akaeleza. Mwezi mmoja kabla, mfanyabiashara wa dagaa, mwanamke anayeitwa Mama Judica, alimwomba mtoto akamsaidie kazi za mgahawani Geita, akaahidi kumpeleka shule ya jioni. Paskazia akakubali, maana kambini wanaume walikuwa wameanza kumtazama yule mtoto. Tangu waondoke, simu ya yule mama haipatikani. Elikana, ambaye ni kaka yake Paskazia, alimfuata mpaka Geita akazunguka sokoni. Aliambiwa mgahawa ulifungwa na mwenyewe amehama, labda Kahama, labda mbali zaidi. Polisi waliandika maelezo. Hakuna kilichofuata.

Paskazia ndiye aliyeanza kunisimulia habari za mtoto, kama mtu anayemliwaza mgeni kwenye msiba wake yeye mwenyewe. Akasema uchoraji ule ni wa baba yake. Kambini ndiye alikuwa anaandika majina ya mitumbwi, anachora samaki na simba ubavuni, na watu walikuwa wanakuja kutoka visiwa vingine kumtafuta. Alikuwa Mhaya, akasema, wa huko Izimbya, mtoto wa katekista. Nikamuuliza jina.

Tata, keti kabla hujaendelea kusoma.

Alisema jina lake Clavery wa Rutaihwa.

Nilimwomba arudie, akarudia. Nikamuuliza juu ya kovu la nyusi, akanionyesha kwa kidole mahali lilipokuwa. Ni yeye. Ni Clavery wetu, mwanao, aliyechora kwa mkaa ukuta wa jiko mpaka Mama akamfukuza na mwiko. Miaka yote hii Mama amekuwa akimwombea kila jioni kama mtu aliye hai, kumbe alikwisha kufa. Upepo uliwapindulia mtumbwi wakiwa kwenye dagaa, Yuster akiwa bado hajaota meno ya ukubwani. Walimpata asubuhi, wakamzika kisiwani siku ileile, maana hapakuwa na wa kumsafirisha na hawakujua wamletee nani.

Nilimuuliza Paskazia kwa nini hakuja kwetu, walau kuleta habari. Nilipombana akasema mumewe alimkataza. Clavery alimwambia kwamba alipoacha seminari baba yake alimwambia asikanyage kibanja chake cha migomba akiwa hai wala akiwa maiti, na kwamba baba yake ni mtu asiyerudisha neno.

Sikuandikii haya ili nikuhukumu. Nilikuwapo siku ile, nilisikia, na hata mimi nilidhani ni hasira ya kupita. Najua umekuwa ukijikokota kila alfajiri mpaka njia panda ukisema unaangalia ng'ombe, nasi hatuna ng'ombe tangu mwaka ule alioondoka. Lakini ni haki yako kujua, na hakuna mwingine wa kukuambia.

Nilimwomba Paskazia anipeleke kaburini. Nilitaka nichukue walau udongo, tuuzike kibanjani pale penye makaburi ya wazee, ili awe amerudi. Alinipeleka mpaka ufukweni akasimama, akanyoosha mkono kuelekea majini. Tangu ziwa lilipopanda, makaburi yote ya upande ule yamefunikwa. Palikuwa na watoto wanafua mahali pale. Niliwasha mshumaa, upepo ukauzima, tukasali Baba Yetu, tukarudi.

Niliporudi shuleni nilikwenda stoo kutafuta michoro ya Yuster, nikutumie hata mmoja uone mkono wa mjukuu wako. Mpishi aliniambia makaratasi yote ya chumba kile yalishawashiwa moto jikoni. Hakuwa na ubaya, hakujua.

Nilikaa na mtoto yule darasani miaka miwili. Nilimshika mkono wake nikimwonyesha namna ya kusuka ukingo wa mkeka, wala damu yangu haikuniambia kitu. Watu husema damu ni nzito. Mimi sasa siamini.

Namba ya Mama Judica naipiga kila siku, bado haipatikani. Nimeandika kwa mapadre wa Geita na wa Kahama, watangaze kanisani. Mmoja amejibu kwamba watoto wa namna hiyo ni wengi. Shuleni naendelea na Uraia. Wiki hii tunafundisha haki za mtoto, nami naziandika ubaoni, wanazinakili.

Msalimie sana Avit na mkewe, na Kokugonza akipita hapo. Uwasalimie majirani wote wa upande wa bondeni. Dativa atalala kwao siku tatu, ukiwa na neno la kunijibu mpe. Usipokuwa nalo pia nitaelewa.

Kuhusu Mama, sijui utamwambiaje, nakuachia wewe. Ila usimwambie asubuhi kabla hajatia kitu tumboni. Mwache kwanza ale.

Ni mimi binti yako,
Edvina