Mbega Wanapoacha Kula

3 Machi

Mume wangu mpenzi,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi mzima, ila miguu imechanika kwa miiba.

Kazi ya utafiti huku msituni imenoga. Alfajiri tunawawahi mbega kwenye matawi wanakolala, kisha tunakaa chini kutazama nani anakula nini: jani changa, ua, tunda bichi. Wana madaha hao! Jike tunayemwita Bi Mkubwa huchuma jani, akalinusa, akalitupa, kisha akachuma la pembeni yake, lile lile. Mtaalamu wa miti ndiye anayenitajia kila mti. Bila yeye ningeandika "jani" kutwa nzima. Jana mvua ilitunyeshea, tukacheka hadi mbega wakatushangaa.

Mwambie mdogo aache kunyonya kidole.

Mkeo

19 Machi

Mke wangu,

Salamu. Sisi wazima, ila mdogo ana mafua. Mimi nipo nipo tu na cherehani yangu.

Barua yako niliisoma mbele ya wateja, nikajuta. Tunawahi, tunakaa, tunacheka. Huyo mtaalamu ana mke? Mvua iliponyesha mlijikinga wapi? Watu wakiniuliza uliko, nasema umekwenda kuangalia nyani wakila. Wanaangua kicheko. Nacheka nao, lakini roho inaniuma.

Mumeo

2 Aprili

Mume wangu,

Hujambo? Mdogo amepona?

Tulijikinga chini ya turubai, pamoja na msimamizi wetu na mpishi. Umeridhika? Na mke anaye. Wewe unashinda ukipima viuno vya wanawake wa watu, nimewahi kukuuliza? Njoo ujionee. Ila nipe taarifa kwanza, mbega wanaogopa wageni. Imetuchukua kiangazi kizima hadi wakakubali kula mbele yetu.

Mkeo

30 Aprili

Fundi,

Natumaini ulifika salama na watoto wazima.

Ulikuja bila taarifa. Ukatukuta mimi na mtaalamu kwenye gogo moja, kichwa chake karibu na changu, kwa sababu darubini ni moja. Ukapiga kelele, "Kumbe ndiyo kazi yenyewe!" Nikakunong'oneza, "Shusha sauti, baba, wanakula." Ukaokota jiwe. Sijui ulimlenga yeye au wao. Lilipasua matawi, Bi Mkubwa akaruka na mtoto kifuani, kundi zima likatokomea. Hadi leo hatujawaona. Halafu ukamfuata msimamizi, mbele ya wafanyakazi wote, ukamwambia achague: yule bwana aondoke au unichukue mimi.

Mkeo

12 Mei

Kipenzi changu,

Hujambo? Huku sote wazima, watoto wanakusalimu.

Dereva aliyeleta barua yako kaniambia yule bwana amehamishwa. Siku hiyo nilikula nikashiba. Jiwe lilinitoka tu, usilikuze. Unajua kilichoniuma? Wala si gogo. Ulikuwa unamtazama yule mnyama akitafuna, umeshika pumzi kabisa. Nikajiuliza, mimi nilitazamwa hivyo lini?

Lakini yamekwisha. Nimekipaka chumba chetu rangi. Unarudi lini?

Mumeo anayekusubiri

8 Juni

Baba watoto,

Wasalimie wanangu, uwabusu. Mimi mzima.

Mbega wamerudi. Wanakaa juu kabisa, na nikisogea tu wanaacha kula. Nimeanza upya kuwazoeza, peke yangu. Majani nisiyoyajua nayafunga kwenye gazeti na kumpelekea yule bwana huko alikohamishiwa, na majibu yanachelewa. Ningemaliza mwezi ujao. Sasa ni mwaka mzima mwingine. Msimamizi aliniuliza kama nataka kuacha, akasema kila mtu angeelewa. Nikamwambia nabaki.

Shule zikifungwa, dada yako awalete watoto. Wewe usije.

Umeuliza nilikutazama hivyo lini. Ni siku ile, ulipoinama kuokota jiwe. Nilishika pumzi, nikakutazama vizuri, tangu mkono hadi uso. Sijasahau nilichokiona.

Mama wa watoto wako