Sahani Zilizorudi

Mama,

Leo harufu ya vitunguu imenikaa hadi kwenye nywele, nikaona hii ndiyo siku nzuri ya kukuandikia. Kibanda chako kimefunguliwa! Foleni ya malori ni ndefu vilevile ulivyoiacha, na madereva wa Zambia bado wanauliza, "Bamayo yuko wapi?" yaani mama wa kibanda, wewe. Tukiwaambia, wanavua kofia, halafu wanaagiza wali na samaki. Ungewapenda kwa hilo.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Aibu bado ninayo. Mteja akinisalimia, naitikia nikitazama ndoo. Lakini safari hii Konokono wako, kama ulivyozoea kuniita, alitoa kichwa nje, na nataka uisikie habari hiyo kwangu.

Unaikumbuka sheria yako? "Sahani haidanganyi." Ikirudi tupu, hongera mpishi. Ikirudi imejaa, mpishi ajiulize. Ndiyo uliyomlelea mama mdogo Neema, tangu siku mdogo wako huyo alipotoka kijijini Ndalambo hajui hata kuchambua mchele. Kisha ukaugua saratani, yeye akawa anakupikia, na sahani zikaanza kurudi. Uji wa karanga ulirudi. Wali wa Kamsamba, ule uliosema unanukia hadi Zambia, nao ukarudi. Ulilamba kijiko, ukatabasamu, ukasema, "Nimeshiba, mdogo wangu." Ulishiba nini, Mama? Wewe uliyekuwa unamaliza vichwa vya samaki mpaka paka anakasirika!

Baada ya mazishi Neema hakugusa sufuria. Aliniambia mkono wake umeharibika.

Siku ya kumaliza matanga ndugu walikaa kuamua kibanda apewe nani. Shangazi akasema Neema asipewe, kwa sababu alikuacha ufe njaa. "Mgonjwa mifupa mitupu!" Baba mkubwa naye akasema asipewe, kwa sababu alikulisha mno, kila bakuli la uji likaunenepesha uvimbe. Begi la Neema lilikuwa tayari mlangoni.

Na mimi nilikuwa najua jambo, Mama. Nilipokwenda hospitali kurudisha kile kiti cha magurudumu, nilimuuliza daktari kwa nini ulikataa kula. Nilikiuliza kiti zaidi kuliko daktari, lakini alinisikia. Akasema njaa haitokani na sufuria. Kuna homoni: tumbo linatuma yake kusema njaa, mafuta ya mwili yanatuma yao kusema imetosha, na ubongo unapokea. Saratani huvuruga ujumbe huo. Tumbo linaweza kuita, ubongo usisikie.

Nikamuuliza pia kama chakula hulisha uvimbe, maana maneno hayo yalishaanza msibani. Akasema maabara wameona homoni hizo za hamu ya kula, hasa ile ya mafuta, zikizichochea baadhi ya seli za saratani kukua, na wataalamu bado wanachunguza ndani ya mtu inakuwaje. Lakini hilo si sababu ya kumnyima mgonjwa uji. Uvimbe hausubiri sahani. Ukikosa, unachukua kwenye mwili wake.

Basi nikasimama.

"Shikamooni," nikasema. "Naomba mchague moja. Mama alikufa kwa njaa au kwa shibe?"

Baba mkubwa akakohoa. Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, huku machozi yanamtoka: "Kumbe katoto haka kana mdomo!"

Nikawaeleza yote. Mwanzo nilikuwa natazama mkeka. Nilipofika kwenye ubongo nikawaambia saratani ni kama dalali mwongo wa hapa mpakani, anapowadanganya madereva kwamba geti limefungwa, na kumbe liko wazi. Hapo nikainua uso, kwa sababu madalali wote tunawajua, na wote wakaguna pamoja.

Shangazi akamshika Neema mkono. "Basi inuka, mama. Tupikie tuone."

Neema akapika. Sahani zilirudi tupu, Mama, na Baba mkubwa akaomba na ukoko. Kibanda akapewa Neema.

Kwa hiyo unisamehe, sheria yako nimeirekebisha. Sahani hudanganya. Zako zilidanganya. Mkono wa Neema ulikuwa mzima mpaka siku ya mwisho, na wewe ulilijua hilo, ndiyo maana hukuacha kulamba kile kijiko.

Haya, pumzika sasa. Vichwa vya samaki nitakula kwa niaba yako. Na nikimwona mtu anamuuguza wake, sahani zinarudi na yeye anajilaumu, nakuahidi nitamweleza kwa sauti, nikimtazama usoni.

Paka anakusalimia. Bado amekasirika, maana sasa vichwa anagombania na mimi.

Mwanao,
Konokono