Valvu ya Nuu Haijifungi

Jumatatu, 6 Oktoba
Tangi la maji la kijiji cha Nuu limekauka tena. Mara ya tatu! Programu yangu ilifungua valvu alfajiri vizuri, mbuzi wa Gabow, yule mfugaji, wakanywa, halafu ikaacha maji yamwagike mpaka tone la mwisho. Na hiki kiangazi! Mimi niko hapa Tawa na laptop, ripoti inaniambia kila kitu ni sawa. Sawa gani?

Jumanne, 7 Oktoba
Nimepata. Kitheka! Tunaandika hii programu pamoja, na kila mahali error inaweza kutokea yeye ameandika: ikitokea, nyamaza, endelea. Nimempigia. Eti kamati ya maji wakiona maandishi mekundu kwa simu wanashtuka, kwa hivyo aliyatoa. Aliyatoa! Network ikikatika kabla valvu ifungwe, nani atajua? Nimefuta upuzi wote. Nimeweka finally, ile amri ya mwisho isiyorukwa: kazi ifaulu, kazi ianguke, valvu ifungwe.

Alhamisi, 9 Oktoba
Limekauka TENA. Karibu nilie. Finally yangu ilifika, lakini inatuma amri ya kufunga kwa network ile ile iliyokufa, halafu inakaa ikingoja jibu. Sekunde thelathini zikiisha programu inakatiza kila kitu, hata huko kufunga kwenyewe. Hii niliandika mimi. Si Kitheka. Dawa yake ni ndogo, aibu tupu: valvu ipewe saa yake huko huko Nuu, ijifunge ikikosa kutusikia.

Saa nane Kasyoka akapiga simu, yule mama anayechunga tangi. Kamati wanasema ni yeye anaacha valvu wazi, Jumamosi wanamfuta kazi. Mwaitu, mama yangu, akaniambia, hiyo kitu hata sijui inafunguliwa wapi. Kitheka anasema turekebishe, tunyamaze, tusipoteze mkataba. Kunyamaza tu! Huyu mtu hana dawa nyingine?

Jumamosi, 11 Oktoba
Nuu, kanisani, kikao cha kamati, benchi ya nyuma. Ile saa ya valvu tumeiweka leo asubuhi. Tumezima network mara tano, valvu imejifunga mara tano. Hakuna hata mmoja ameuliza.

Mwenyekiti, Mzee Muindi, anasoma ripoti zetu za zamani kwa sauti. Sawa. Sawa. Sawa. Kompyuta haidanganyi, anasema, basi ni mtu. Ngai, Mungu wangu!

Kasyoka amesimama. Anaomba msamaha! Labda aligusa bila kujua, anasema, wasimfute, ana watoto shuleni. Anaomba msamaha kwa kosa langu mimi.

Muindi anauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Kitheka amenikanyaga mguu. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko juu.