Panga Lilikuwa Mlangoni

Jumatatu, 9 Agosti 1954

Nimetwanga mahindi kwa mchi wa kuazima. Wetu uko polisi, umefungwa kikaratasi chenye namba. Ndio kaka Petro aliompigia mume wangu Kasimiri mwezi wa tano, akafa. Kesi ni Alhamisi. Jaji ameshafika Tabora. Kovu la begani linawasha.

Jumanne, 10 Agosti

Wakili aliyewekewa Petro na serikali ameniita. Mhindi mpole. Ameeleza: mtu akiua ili kujiokoa au kumwokoa mwenzake, sheria inaweza kumwachia. Lakini hatari iwe bado ipo. Kasimiri alinikata bega. Alipoinua panga tena, Petro akampiga, akaanguka. Hapo hakuna ubishi. Kisha Petro akapiga mara ya pili. Wakati huo panga lilikuwa wapi? Polisi hawakuniuliza. Aliyeona ni mimi peke yangu.

Nikamwambia nitakumbuka vizuri. Akanitazama sana, akafunga jalada.

Jumatano, 11 Agosti

Mama amekuja kutoka Ipuli.

"Sema lilikuwa mkononi, Agata. Neno moja tu. Kasimiri harudi."

Nikatoka nje nikafua nguo zilizokuwa safi.

Nampenda kaka yangu. Kasimiri nilimpenda pia, miaka ile kabla ya pombe. Bado namlilia. Hilo simwambii mtu.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimeapa kwa Biblia. Petro kizimbani, amekonda. Mama mkwe benchi la mbele, amekuja kwa treni kutoka Kigwa. Wakili wetu hakugusa jambo lile. Aliyeuliza ni mwendesha mashtaka.

"Alipopigwa mara ya pili, panga lilikuwa wapi?"

Nilitaka kusema mkononi. Nilikuwa nimeazimia.

"Lilikuwa mlangoni, bwana. Lilikuwa limemtoka."

"Na marehemu?"

"Amepiga magoti. Anajaribu kuinuka."

Wakili akasimama, akauliza kama wakati huo bado niliogopa. Nikasema ndiyo, sana. Hiyo nayo ni kweli.

Petro hakunitazama.

Ijumaa, 13 Agosti

Wazee watatu wa baraza, wanaomshauri jaji, wametoa maoni. Wawili wamesema Petro hana hatia, alimwokoa ndugu yake. Jaji amesema amewasikia, ila hafungwi na maoni yao. Pigo la kwanza lilikuwa la kuokoa. La pili lilikuwa la hasira. Si kuua kwa kukusudia, kwa hiyo hatanyongwa. Miaka sita.

Mama alikaa chini, pale pale barazani nje ya mahakama. Nilipomshika mkono akauondoa.

Miaka sita. Ni mimi.

Ijumaa, 27 Agosti

Nimempelekea Mama uji Ipuli. Wa juzi uko vile vile kwenye kibuyu, umechacha. Hali chochote. Shikamoo yangu hakuiitikia. Dada wa jirani anasema anakunywa maji tu.

Jumapili, 5 Septemba

Baada ya misa nimekwenda gerezani. Askari alisimama karibu. Petro amenyolewa, masikio yanaonekana makubwa.

Nikamwomba anisamehe.

"Na mimi nilikuwepo," akasema. "Najua panga lilikuwa wapi."

Kisha akauliza kama Mama anakula.

Nikamwambia anakula vizuri.